Runinga hutuonyesha chumba, haituonyeshi ufunguo ulivyopatikana

Mleta mada:

Salaam, ndugu zangu. Huu ni mwaka wangu wa saba wa kuishi peke yangu mjini, katika nchi ambako watu wa rangi yangu ni wachache, na kuna jambo limenikaa rohoni kila ninapotazama tamthilia za vijana wanaojitegemea. Nitalieleza kwa urefu, kwa sababu nikilifupisha litasikika kama malalamiko, nami nakusudia kujenga hoja.

Tamthilia hizo huanzia ndani. Tunamkuta mhusika keshapanga, kochi liko mahali pake, dirisha linatazama majengo marefu, na marafiki wanaingia bila kubisha. Hatumwoni akitafuta nyumba, akitaja jina lake kwenye simu, wala akisimama kizingitini huku mwenye nyumba akimtazama kuanzia viatu hadi nywele. Kwa mtazamaji mweupe huenda sehemu hiyo inachosha, na mtunzi akiiruka hakuna anachopoteza. Kwa mtu mweusi, safari yenyewe iko hapo mlangoni, na tamthilia ikituingiza ndani moja kwa moja inakuwa imetuambia kwamba mlango ulikuwa wazi kwa wote.

Nianze na Friends, tamthilia ya Kimarekani ya marafiki sita wa New York, maana karibu kila mtu ameiona. Ilianza kurushwa na NBC mwezi Septemba 1994 na kumalizika Mei 2004 baada ya vipindi 236, na kwa miaka yote hiyo watazamaji waliuliza swali lile lile: mpishi anamudu vipi nyumba yenye sebule kubwa kiasi kile katikati ya Manhattan? Jibu lililotolewa ndani ya tamthilia ni kwamba nyumba ilikuwa ya bibi yake Monica, mpishi huyo, na kodi yake ilidhibitiwa isipande tangu enzi za bibi huyo. Wengi hulichukulia jibu hilo kama kiraka cha watunzi. Mimi naliona kuwa jambo la kweli kuliko yote katika tamthilia nzima, ingawa nadhani walilitamka bila kujua uzito wake.

Tujiulize, katika enzi za bibi huyo, ni bibi wa nani aliyeweza kupanga katika mtaa kama ule? Weusi walikuwepo Manhattan, hasa Harlem, lakini walibanwa wakae huko huko. Shirika la serikali ya Marekani lililoanzishwa mwaka 1933 kuwaokoa wenye mikopo ya nyumba lilichora ramani za miji zaidi ya 200 na kupaka rangi nyekundu mitaa iliyohesabiwa kuwa hatari kwa mkopo, na mitaa ya watu weusi karibu yote iliangukia kwenye nyekundu hiyo. Hati za nyumba nyingi zilikuwa na vifungu vilivyokataza nyumba isiuzwe kwa mtu mweusi wala kukaliwa naye, na ni mwaka 1948 ndipo Mahakama ya Juu ilipoamua kwamba mahakama za nchi haziruhusiwi kuvitekeleza. Manhattan kwenyewe, makazi makubwa ya Stuyvesant Town, yenye nyumba zaidi ya 8,000, yalipofunguliwa mwaka 1947 hayakupokea wapangaji weusi. Sheria ya nchi nzima ya kupiga marufuku ubaguzi wa namna hiyo ilisainiwa tarehe 11 Aprili 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa.

Kwa hiyo ufunguo wa Monica ni urithi, na urithi huo ulipitia kwenye kitasa ambacho mabibi wengi weusi wa umri ule wasingeruhusiwa kukishika. Hatuhitaji kumchukia Monica kwa sababu hiyo. Mimi mwenyewe nampenda na bado namtazama. Ninachotaka ni kwamba tunapoitazama nyumba ile tukaiona ilivyo, nyumba iliyo na historia, badala ya kudhani ni matunda ya bidii na bahati ya ujana.

Mwaka mmoja kabla ya Friends kuanza, mwezi Agosti 1993, kituo cha Fox kilikuwa kimeanza kurusha Living Single, kazi ya Yvette Lee Bowser, kuhusu vijana sita weusi wa Brooklyn. Tamthilia zote mbili zilitengenezwa na Warner Bros. Television. Khadijah James, aliyeigizwa na Queen Latifah, anaendesha jarida lake mwenyewe liitwalo Flavor, na anakaa nyumba moja na binamu yake pamoja na rafiki yao, wanawake watatu chini ya paa moja. Wasiwasi wa fedha haukai mbali na sebule yao. Huyo ndiye niliyemtambua nilipoanza maisha yangu: mtu mwenye kipaji na mradi wa kujivunia, anayehesabu tena na tena kabla ya kuamua lolote. Tamthilia yake ilipata vipindi 118, nusu tu ya vile vya ile nyingine, na hadi leo nikiitaja mbele ya wenzangu kazini naona nyuso zisizo na kumbukumbu yoyote.

Mwaka 2022 Marta Kauffman, mmoja wa waanzilishi wa Friends, alikiri kwamba anaona aibu kwa jinsi tamthilia yake ilivyojaa weupe, akatoa dola milioni 4 kwa Chuo Kikuu cha Brandeis kuanzisha nafasi ya profesa wa masomo ya Afrika na ya Wamarekani weusi. Naliheshimu tendo hilo. Hata hivyo, mjadala uliofuata ulihusu idadi ya nyuso tu, kana kwamba angeongezwa rafiki wa saba mweusi, naye akaingia bila kubisha kama wengine, mambo yangekuwa sawa. Rafiki huyo angekuwa anakaa wapi? Angepataje hapo? Hakuna aliyeuliza.

Sasa niseme langu. Nilipotafuta chumba mara ya kwanza nilipiga simu kwa wakala mmoja, mwanamke mwenye sauti ya upole, tukaelewana kila kitu: kodi, malipo ya mwezi wa kwanza, siku ya kuhamia. Nilipofika alikuwa amesimama mlangoni na shada la funguo mkononi. Aliniona nikivuka barabara. Kabla sijamsalimu, mkono wake ulikwishaingia mfukoni mwa koti ukaziacha funguo humo, na alipotoa mkono ulikuwa mtupu. Akaniambia kwa adabu kabisa kwamba chumba kimechukuliwa asubuhi hiyo. Tangazo la chumba kile lilibaki kwenye mtandao kwa wiki tatu zaidi. Nilikuwa nikilifungua kila siku kabla ya kulala, sijui kwa nini. Maneno yake nimeyasahau mengi, lakini ule mkono nauona hadi leo.

Sijawahi kuuona mkono ule kwenye runinga. Ndiyo sababu ya kuandika uzi huu.

Mchangiaji wa kwanza:

Dada mleta mada, nimekusoma kwa makini na pole kwa yaliyokukuta. Naomba hata hivyo nitofautiane nawe kidogo. Mimi naamini kinachofunga milango mijini ni fedha zaidi kuliko rangi. Mwenye nyumba anataka kodi yake ilipwe kwa wakati, na akimpata mtu mwenye kazi ya kudumu na barua ya mwajiri, hataangalia mengine. Inawezekana kabisa kwamba chumba kile kilichukuliwa kweli na tangazo likasahaulika. Nahofia kwamba tukizoea kuona rangi kila mahali, tutawafundisha vijana kukata tamaa kabla hawajabisha hodi.

Mleta mada:

Ndugu yangu, nakushukuru kwa kupinga kwa heshima. Inawezekana tangazo lilisahaulika, na hilo ndilo linalochosha zaidi katika mambo haya: mtu mmoja mmoja hawezi kuthibitisha. Unarudi nyumbani na mashaka yako, unayageuza usiku kucha, na ukiyasema unaambiwa umeona vibaya. Kwa sababu hiyo naomba tuangalie pale ambapo watu walipima.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walituma maombi ya malazi takriban 6,400 kwa wenye nyumba wa Airbnb, mtandao wa kupangisha malazi ya muda mfupi, katika miji mitano ya Marekani. Maombi yalikuwa sawa kwa kila kitu isipokuwa jina la mwombaji: mengine yalikuwa na majina yanayofahamika kuwa ya Wamarekani weusi, mengine ya weupe. Wenye majina ya weusi walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kukubaliwa, kwa kiasi cha asilimia 16. Fedha zilikuwa zile zile, na ujumbe ulikuwa ule ule. Hakukuwa na viatu wala nywele za kutazamwa, kulikuwa na jina peke yake.

Nakubaliana nawe kwamba fedha hufunga milango mingi, tena ya watu wa kila rangi, na tamthilia zinadanganya kuhusu fedha pia. Lakini fedha ni kikwazo ambacho mtu anaweza kukisema waziwazi. Mwenye nyumba hana haya kukuambia kwamba kipato chako hakitoshi. Hiki kingine hukaa kimya, na kwa kuwa kinakaa kimya ndipo tunapohitaji hadithi za kukionyesha. Kuhusu vijana kukata tamaa, mimi niliyeamini tamthilia ndiye niliyeumia zaidi, kwa sababu nilifika mlangoni pale bila kujua kwamba kuna kitu cha kujiandaa nacho. Mtu aliyeonywa hubisha hodi mlango wa pili upesi kuliko aliyeshtukizwa.

Mchangiaji wa pili:

Dada yangu, mimi nina swali la aina nyingine, na nakuuliza kwa mapenzi. Hivi huku kuishi peke yetu si kitu tulichokinakili kutoka kwenye tamthilia hizo hizo? Ndugu zangu kila wakinipigia simu huniuliza kama nina mtu wa kuzungumza naye usiku, na nikiwaambia kwamba napenda ukimya wangu, husikika wakipumua kwa huzuni. Kuna siku huwaza kwamba nimekuwa mzungu bila kujua, kisha naona aibu kwa kuwaza hivyo.

Mleta mada:

Swali lako limenikalisha siku nzima kabla ya kujibu. Kwanza niseme kwamba kuishi peke yako si mila ya watu weupe tangu enzi na enzi. Katika Marekani ya mwaka 1940, kaya zenye mtu mmoja zilikuwa asilimia 7.7 tu ya kaya zote. Kufikia mwaka 2020 zilikuwa asilimia 27.6. Babu na bibi zao nao walikaa kwa wingi nyumba moja, na wajukuu walipoanza kuhama nadhani nao waliulizwa kama wana mtu wa kuzungumza naye usiku. Japani, ambako hakuna anayesema kwamba wamekuwa wazungu, sensa ya mwaka 2020 ilikuta kaya za mtu mmoja ni karibu asilimia 38. Mishahara ya mijini, elimu, wanawake kupata kazi, watu kuchelewa kuoa na kuolewa, kuishi hadi uzee mkubwa: hayo ndiyo yaliyojenga vyumba vyetu. Runinga ilikuja kuvipamba.

Lakini jibu langu la moyoni ni jingine. Kazini kwangu tuko zaidi ya watu arobaini, na mimi ni mweusi peke yangu. Msanii wa rapu akifanya jambo la kushangaza, wenzangu hunigeukia mimi wajue ninalionaje. Filamu yenye waigizaji weusi ikitoka, naulizwa kama imetutendea haki, na hiyo "sisi" nimepewa bila kuiomba. Nywele zangu zikibadilika huwa habari ya wiki. Wengi wao ni watu wema, na huuliza kwa kutaka kujifunza. Hata hivyo, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni ninakuwa balozi wa watu wasiohesabika, na balozi halegezi mabega.

Halafu narudi nyumbani. Natia ufunguo, na kitasa changu kina ukaidi wake, lazima uuvute mlango kidogo kuelekea kwako ndipo ufunguo ukubali kuzunguka. Mlango ukishafungwa nyuma yangu, nakuwa mtu mmoja tu. Naweza kupenda wimbo wa kipuuzi wa kijana mweupe mwenye gitaa, nikauimba vibaya, na isiwe na maana yoyote kuhusu rangi yangu. Naweza kuchoshwa na msanii mweusi ambaye kila mtu ananitarajia nimsifu. Naweza kukaa sakafuni bila kufanya lolote. Kwa hiyo, mwambie ndugu yako anayepumua kwa huzuni kwamba wewe hukuwakimbia wao. Inawezekana umepata mahali pa kupumzika kutazamwa, na wao, kama ndugu zangu, wanakaa mahali ambapo hakuna anayewatazama kwa namna hiyo, ndiyo maana wanaona ukuta tu pale ambapo wewe unaona kivuli cha kupumzikia.

Upweke nao upo, sitaukana. Kuna Jumapili ambazo sauti ya kwanza kutoka kinywani mwangu hutoka saa tisa alasiri, ikiwa imekwaruza. Lakini nimekuwa mpweke zaidi kwenye meza yenye watu kumi na wawili.

Mchangiaji wa tatu:

Wakuu, mimi ni mpiga picha, na ninaongeza jambo moja la ufundi linalounga mkono hoja ya mleta mada. Kwa miongo mingi maabara za kusafishia picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zilizokuwa na picha ya mwanamke mweupe. Kadi hizo ziliitwa Shirley, kwa jina la mwanamitindo wa mwanzo. Ngozi yake ikionekana vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa imekaa sawa. Miongoni mwa waliosukuma filamu iboreshwe katika rangi za kahawia walikuwa watengenezaji wa samani na wa chokoleti, ambao mbao zao na bidhaa zao hazikutokea vizuri pichani. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja baadaye sana. Kwa hiyo hata mtu mweusi alipoingizwa kwenye chumba cha tamthilia, mara nyingi taa za chumba hicho hazikupangwa kwa ajili yake.

Nimalizie na swali kwa mleta mada. Je, unataka kila hadithi ya mtu mweusi mjini iwe ya kunyimwa nyumba? Mimi nimechoka kutuona tukiteseka kwenye skrini.

Mleta mada:

Habari ya mbao na chokoleti imeniuma, sikuwa naijua. Asante.

Swali lako ni la haki, na nakiri kwamba mwanzoni nililiandika jambo langu kana kwamba nataka mateso tu. Mwaka ule ule wa 1968 sheria ya nyumba iliposainiwa, mwezi Septemba, NBC ilianza kurusha Julia, ambamo Diahann Carroll aliigiza muuguzi mjane, mweusi, anayeishi na mwanawe katika jengo zuri la kupanga huko Los Angeles. Wapo waliomlaumu kwamba maisha yake ni laini mno wakati miji inawaka moto. Nimelifikiria sana lawama hilo na sasa naona lilikuwa na ukweli na uonevu kwa pamoja. Ukweli, kwa sababu runinga iliruka mlango tena, miezi mitano tu baada ya sheria kusema mlango usifungwe. Uonevu, kwa sababu mwanamke yule aliombwa abebe shida za watu wote kila wiki, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwomba mjane mweupe wa kwenye runinga.

Ninachotaka ni vyote viwili kwa mtu mmoja. Insecure ya Issa Rae, iliyorushwa na HBO kuanzia 2016 hadi 2021, ilinikaribia kuliko zote. Waliohusika na kamera walijifunza kwa makusudi kumulika ngozi nyeusi, na utaiona tofauti hata kwenye mandhari ya usiku, ambapo uso una mng'ao wake na haumezwi na giza. Kuna wakati Issa analala kwenye kochi la mwanamume waliyeachana kwa sababu hana pa kwenda, na baadaye anakuwa msimamizi wa jengo la wapangaji ili apunguziwe kodi. Hapo niliuona ufunguo ukitafutwa, ukapatikana, ukafanyiwa kazi. Na katikati ya hayo yote anajitazama kwenye kioo cha bafuni na kughani mistari ya rapu peke yake, upuuzi mtupu, na haumwakilishi mtu yeyote. Nilisimamisha picha pale nikacheka hadi nikalia.

Niongeze jambo lililotokea hapa kwangu, kisha niwaachie jukwaa. Chumba cha jirani yangu kilikuwa wazi tangu mwezi uliopita. Akaja kijana mweusi kukitazama, nikamwona kupitia dirishani akiwa na begi jepesi na karatasi zake kwenye bahasha, amezikunja vizuri. Jioni ile mwenye nyumba alinipigia simu, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, akaniuliza kama namfahamu. Nilimjibu kwamba simfahamu. Nikamkumbusha pia, kwa sauti ya kawaida, kwamba wapangaji wanne wamepita kwenye chumba kile tangu nihamie na hakuna hata mmoja ambaye niliwahi kuulizwa kama namfahamu. Alinyamaza kidogo, akasema ni kweli, akakata simu.

Kijana amehamia Alhamisi. Jana usiku nilimsikia akihangaika na kitasa kwa muda mrefu, kwa kuwa mlango wake una ukaidi ule ule wa mlango wangu, nikatoka kumwonyesha jinsi ya kuuvuta kwanza.